Jinsi Fundi Rajabu Alivyodai Kidonge Barazani

Wiki iliyopita, siku ya kustaafu, nilikabidhi ufunguo wa kabati la dawa kwa binti mmoja ambaye nilipoanza kazi hata mama yake alikuwa bado anabebwa mgongoni. Akanishukuru, kisha akaniuliza kama nina neno la kuwaachia. Nilikuwa nalo, tena refu, lakini mishikaki ilikuwa inapoa na wenzangu walikuwa wananitazama kwa macho ya njaa, nikasema tu waoshe mikono. Neno lenyewe naliandika sasa nikiwa nyumbani, miguu juu ya kigoda, bila mtu wa kugonga dirisha.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilivyopata vilikuwa vichache na vyote vilikuja nilipokuwa nimeshaacha kuvitaka. Nitaandika habari za fundi cherehani mmoja wa Gatete, mke wake, na kopo dogo la vidonge. Kila mara mnaponiuliza kama mgonjwa wa hofu apewe dawa ya kila siku au ile ya kumeza anapohitaji tu, mimi huanza kucheka, nanyi mnadhani nalicheka swali lenu. Ninawacheka wale watatu, na zaidi ninajicheka mwenyewe.

Nilifika zahanati ya Gatete nikiwa nimetoka tu shule ya uuguzi Bujumbura, na viatu vyeupe ambavyo udongo wa kando ya ziwa ulivimaliza kwa siku moja. Mkuu wa zahanati, tuliyemwita titulere, alikuwa Bwana Leopoldi, mwanamume mwembamba aliyefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni hata wakati wa joto la kuchemsha mayai. Nilitegemea anionyeshe wagonjwa. Akanionyesha sahani ya bluu na kisu butu cha mezani, akaniambia nihesabu vidonge, vitano vitano, kwa sauti ya moyoni. Nilihesabu kwa wiki mbili. Yeye alikuwa anaandika akiwa amenipa mgongo, na nikikosea alijua kwa mlio wa kisu kwenye sahani. Sijawahi kujua alijuaje, na nilipomuuliza alisema kwamba mimi nakosea kwa kelele.

Bahasha za dawa tulizikunja wenyewe kutoka madaftari ya zamani ya shule. Kuna mzee alirudi siku moja kulalamika kwamba hesabu iliyoandikwa kwenye bahasha yake jibu lake si sahihi, na kwa kweli halikuwa sahihi. Kwa wasiojua kusoma tulichora: jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi. Dawa ya kila siku ilikuwa rahisi, unachora jua au mwezi na mtu anaelewa. Taabu ilikuwa dawa ya kumeza mtu anapohitaji tu, ile tuliyoiita dawa ya lazima. Lazima haina jua wala mwezi. Nilijaribu kuchora mtu aliyetoa macho na nywele zimesimama. Mgonjwa wa kwanza kuipokea aliitazama sana, akauliza kwa heshima kwa nini tumemchora Bwana Leopoldi. Tangu hapo dawa ya lazima tukawa tunaieleza kwa mdomo.

Halafu vita vikaja. Sitaeleza vita, walioviona hawahitaji na wasioviona hawataamini. Nitasema tu vilivyofika kwenye dirisha langu. Walikuja watu ambao moyo uliwaenda mbio wakiwa wamekaa, ambao tumbo liliwakata kila jioni, ambao walilala na viatu miguuni miezi na miezi. Nusu ya foleni haikuwa na homa wala jeraha. Walikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu zake, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu kwamba anajisumbua bure.

Kwa watu hao kabati letu lilikuwa na makopo mawili. La kwanza lilikuwa na diazepam, inayotuliza upesi, inayoleta usingizi, na ambayo mwili ukiizoea unaidai. La pili lilikuwa na amitriptilini, ambayo tulipewa kidogo kidogo na daktari aliyekuwa anatupitia wakati barabara ilipokuwa inapitika. Hiyo unameza kila jioni, na wiki mbili tatu za kwanza hufaidi kitu isipokuwa mdomo mkavu. Kuwashawishi watu wa Gatete wameze kila siku kitu kisichofanya kazi bado, kulihitaji ulimi mtamu kuliko wangu.

Fundi Rajabu alikuja siku ya soko, ameshikwa mkono na mke wake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Rumonge mjini, mtoto wa Waswahili wa zamani, na kila suruali nzuri pale Gatete ilikuwa imepita chini ya sindano yake. Mke wake tulimwita Mama Zuena, kwa jina la binti yao mkubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shingo ya kubebea mizigo na ulimi wa kuishusha. Ndiye aliyeeleza ugonjwa.

Mume wake alikuwa anakimbia. Akisikia mlio wowote, alifungua cherehani kutoka kwenye meza yake, akamtwika mkewe kichwani, akawashika watoto, wakateremka ziwani kutafuta boti ya kwenda Kabonga, kwa kaka zake Mama Zuena, karibu na mpaka wa Tanzania. Mara ya kwanza mlio ulikuwa tairi la lori lililopasuka. Mara ya pili ulikuwa mkungu wa chikichi ulioanguka juu ya bati. Mara ya tatu ulikuwa ngoma ya harusi, na suruali ya bwana harusi ilikuwa imo ndani ya mzigo. Kila mara walifika Kabonga, wakakaa siku mbili, wakarudi. Wanakijiji walikuwa wameshaanza kumtuma Fundi salamu za kupeleka Kabonga.

"Muganga," akasema Fundi Rajabu kwa upole, "hii roho yangu iko inakimbia mbele. Mimi niko naifuata tu."

Mama Zuena hakucheka. Akaniambia kwamba amechoka, na kwamba mumewe akikimbia tena mara moja tu, yeye atabaki Kabonga kwa kaka zake na hatarudi Gatete. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na Fundi akaangalia vidole vyake. Nikaona kwamba hapa sitibu moyo peke yake, nashikilia na nyumba ya watu.

Nikaenda kwa Bwana Leopoldi. Mimi nilitaka dawa ya kila siku. Nilikuwa nimesoma, na nilipenda watu wajue. Yeye akauliza Fundi anaogopaje katikati ya mlio mmoja na mwingine. Nikarudi kuuliza. Fundi akasema katikati anajisikia vizuri, anakula, analala, tena anakoroma, na mkewe akathibitisha habari ya kukoroma. Basi, akasema titulere, hofu inayokuja na kuondoka mpe dawa inayokuja na kuondoka, tena nusu nusu, na umwambie asiiguse akiwa kwenye cherehani. Nikampa vidonge kumi, nikamweleza vizuri sana, dakika kumi nzima: si kila siku, ni kwa lazima.

Vilikwisha baada ya siku tano. Kumbe lazima ya Fundi ilikuwa haina mpaka. Mbwa kubweka ilikuwa lazima. Mbwa kutobweka ilikuwa lazima zaidi. Cherehani hakuiacha, na siku ya nne alishona mkono wa shati lake mwenyewe kwenye gauni la mke wa diwani, akalala palepale, na ilibidi gauni na Fundi vipelekwe kwa mwenyewe kwa pamoja. Mama Zuena alileta bahasha tupu dirishani kwangu, akaiweka mezani.

Nilipata vidonge kumi vingine baada ya kumbembeleza Bwana Leopoldi kwa siku nzima, kwa sharti kwamba havitakaa kwa mgonjwa. Nilitegemea mkewe avifiche ndani ya unga, kama wanavyofanya wake wengine. Yeye alifanya jambo ambalo nadhani lingefanywa Burundi peke yake. Alivipeleka kwa bashingantahe.

Kwa walio vijana sana, au waliokulia mbali: bashingantahe ni wazee wa haki wa mtaa. Mkigombania mpaka wa shamba, mbuzi, au mke aliyerudi kwao, mnakaa mbele yao, mnaeleza, wanaamua, na kitu kinachogombaniwa kinaweza kukaa kwao mpaka mambo yaishe. Mkubwa wa wale wa Gatete alikuwa Mzee Kabura, mtu mwenye nyusi nene aliyependa utaratibu kuliko chakula. Mama Zuena alieleza kwamba yeye na mumewe hawapatani juu ya neno lazima. Wazee wakaona hiyo ni kesi kama kesi nyingine. Wakapokea vidonge ndani ya kopo la maziwa ya unga, wakatangaza kwamba mume akihisi lazima atakuja kuieleza, mke atajibu, nao watakata shauri. Mama Zuena akarudia na kiapo chake mbele yao, cha kubaki Kabonga. Wakakisikia wote.

Nilihudhuria kikao cha kwanza kwa sababu sikuamini. Fundi Rajabu alifika mbio, anahema, jasho linamtiririka. Mzee Kabura akamwambia akae. Akasubiri wenzake wawili wafike, mmoja akitokea kijiji cha Kizuka kwa miguu. Akagonga ardhi kwa fimbo yake ya uamuzi. Akauliza habari za watoto, za kazi, za mvua. Kisha akasema mwenye madai aeleze.

Fundi akasema amesikia mlio mkubwa upande wa mashine ya mawese. Mama Zuena akajibu kwamba lilikuwa bido tupu, dumu la mafuta, lililodondoshwa. Akaitwa shahidi, mama muuza mawese, akaja na bido lenyewe. Mzee Kabura akamwambia alidondoshe tena ili baraza lisikie. Akalidondosha. Fundi aliruka akaingia nyuma ya kiti cha Mzee Kabura, na wazee wakakubaliana kwamba huo ni ushahidi mpya, inabidi waende kando kushauriana. Walishauriana mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Waliporudi, Fundi alikuwa amekaa anakula muhogo wa kuchoma na yule muuza mawese, wanaongea juu ya bei ya vitambaa.

"Lazima ilikuwako," akasema Mzee Kabura. "Lakini imekwisha kwenda. Kidonge kinabaki."

Aliyeshindwa ndiye aliyewanywesha wazee. Kwa desturi ingekuwa pombe ya ndizi, lakini Fundi alikuwa Mwislamu, kwa hiyo ilikuwa chai ya tangawizi, na wazee waliinywa kwa uso wa watu wanaovumilia kwa ajili ya nchi. Vikao viliendelea hivyo kwa miezi mitatu. Fundi alidai kidonge mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na hakushinda hata mara moja. Wakati haki inapotendeka polepole kiasi kile, hakuna moyo unaoweza kuendelea kwenda mbio.

Kila wiki nilikwenda kukagua kopo. Vidonge kumi. Bwana Leopoldi alipenda hesabu ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumletea, akasema laiti dawa zote zingewekwa kwa Mzee Kabura. Na kila wiki Mama Zuena alifika dirishani kwangu kutoa taarifa. Nilimuuliza, anaendeleaje? Alinijibu, anaendelea. Nikaandika kwenye rejista, mbele ya jina la Rajabu, anaendelea vizuri, nikaita anayefuata. Fundi mwenyewe aliniambia kwamba siku hizi akisikia mlio anajiuliza kwanza nani atakuwa shahidi, na mara nyingi akishajiuliza hivyo hana nguvu ya kwenda barazani. Miaka mingi baadaye nilipelekwa semina Bujumbura, mtaalamu akatufundisha kwamba mgonjwa wa hofu asaidiwe kuidai hofu yake ushahidi. Tukapewa cheti kila mmoja. Mzee Kabura alikuwa ameshakufa bila cheti.

Kisha ikaja asubuhi ambayo haikuhitaji shahidi. Nilikuwa napima mtoto kwenye mizani wakati risasi zilipoanza upande wa milima juu ya Kizuka, halafu karibu zaidi, halafu kitu kizito kilichotikisa chupa kabatini. Bwana Leopoldi alifunga kifungo kimoja kilichokuwa kimefunguka. Akapakia wagonjwa wa kulala kwenye gari la mfanyabiashara mmoja kuelekea Rumonge mjini, akanitwika mimi mfuko wa dawa na rejista, akaniambia niende ziwani na waliobaki, na kwamba vidonge vyote vimehesabiwa.

Ziwani watu walikuwa wanaingia majini na magodoro. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia, nasema wazi. Ndipo nikamwona Fundi Rajabu. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, mzigo wake umefungwa kwa fundo safi, anaelekeza watu. Watoto katikati. Mbuzi wabaki. Boti ya kijani, si ya bluu, maana ya bluu injini yake inazima ukishapita Rumonge na ukanda wake umefungwa kwa kitenge. Alijua jina la kila mwenye boti, kila pwani ya kusimama, mahali pa kupata maji safi. Alikuwa amekimbia njia ile mara tatu, na ya nne aliifanya kama mtu anayekwenda kazini. Niliangalia mikono yake, kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa imetulia. Mama Zuena alikuwa ameshaingia botini, cherehani kichwani.

Tulijazana kwenye boti ya kijani watu kama thelathini, pamoja na baraza zima, mmoja wao chini ya godoro. Tulipokuwa tumeshafika mbali na pwani, Mzee Kabura alianza kutetemeka. Meno yaligongana mpaka tukasikia juu ya injini. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa mikononi mwake. Vitu vyote vya nyumbani kwake aliviacha, lile hakuliacha, kwa sababu lilikuwa amana ya watu. Na kwa sababu hiyohiyo hakuweza kulifungua. Nilimwambia anywe tu, mimi ndiye muganga. Akatikisa kichwa. Kitu kilichowekwa barazani hakitoki bila baraza.

Basi Fundi Rajabu akakohoa, akasogea mbele, akauliza kama mwenye madai, yaani Mzee mwenyewe, anaweza kueleza.

"Nimesikia mulio," akasema Mzee Kabura.

"Mulio gani, Mzee?"

"Wewe hukusikia?"

"Baraza haliulizwi," akasema Fundi. "Baraza iko linauliza. Shahidi iko nani?"

Boti nzima ikainua mikono, hata mwendesha injini, tukayumba kidogo. Yule mzee wa chini ya godoro akatoa mkono wake peke yake. Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu wote, kicheko kibaya kinachochanganyika na machozi, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma huku moshi ukionekana nyuma yetu juu ya michikichi. Fundi akatangaza kwamba lazima iko na haijaondoka. Nikakata kidonge katikati kwa ukucha, nikampa Mzee nusu. Alilala begani mwa Fundi mpaka Kabonga, na mimi nilikaa karibu nikihesabu pumzi zake. Ni kidonge pekee kilichowahi kutolewa na baraza lile.

Kaka zake Mama Zuena walitupokea kwa ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na tukakaa siku sita. Siku ya sita habari zikaja kwamba Gatete kumetulia, na watu wakaanza kufunga mizigo. Hapo Mama Zuena akasema mbele ya wote kwamba mumewe amekimbia, kiapo ni kiapo, na yeye anabaki.

Wazee wakakaa uani kwa kaka zake. Mzee Kabura alikuwa bado na aibu ya botini, kwa hiyo aliamua kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake: mbio hizo hazihesabiki, kwa sababu baraza lenyewe lilikuwa mbele. Watu wakacheka. Mama Zuena akawashukuru, murakoze, akasema amesikia, lakini harudi. Kisha akatoka kwenda ufukweni. Fundi Rajabu hakubishana. Alifungua mzigo wake uliofungwa vizuri, akaanza kutenga nguo za mkewe upande mmoja na za kwake upande mwingine, na za watoto alizishika mkononi hajui aziweke wapi. Nilishindwa kumtazama. Nikamfuata mkewe nikiwa na hasira.

Nilimkuta anageuza ndagala zilizoanikwa mchangani. Nilimsema sana. Nilimwambia kwamba yule mwanamume ametuokoa sote, kwamba amepona, kwamba kumwacha sasa ni ukatili. Aliendelea kugeuza samaki mpaka nilipoishiwa maneno.

"Najua," akasema. "Yeye iko muzima. Yeye anaogopa kukiwa mulio. Mulio ukiisha, anakula, analala. Mimi niko naogopa kukiwa kimya, Muganga. Kila siku. Nikipika, nikisali, nikisuka mutoto nywele. Kukimbia haiko kitu, miguu inapata kazi. Ni kurudi. Kila mara tunarudi, mimi ndiye nafungua mulango, ndani kimya, na siwezi kupita. Nasimama pale mpaka watoto wanisukume. Nilisema sirudi kwa sababu siwezi kurudi. Ninyi bote mulifikiri iko hasira."

Nikakaa chini mchangani. Nikamuuliza hali hiyo imeanza lini. Akasema tangu mwaka wa kwanza wa vita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na kila wiki alikuwa anafika dirishani kwangu.

"Ulikuwa unaniuliza habari ya bwana," akasema.

Nikafungua mfuko. Kopo la pili, la kila siku, lilikuwamo. Nilimweleza kila kitu polepole, na safari hii nilikuwa naeleza nikimtazama: kidonge kimoja kila jioni, hata siku atakayojisikia vizuri, mdomo utakauka, wiki mbili tatu hataona kitu, asikate tamaa, atameza kwa miezi, asiache ghafla, na daktari akipita nitamwomba amwone. Akauliza kama hiyo nayo inakwenda barazani. Nikamwambia hapana, hii haina kesi. Akaonekana kupumua.

Hakurudi na boti yetu. Fundi Rajabu, alipoambiwa na mkewe mwenyewe, alizirudisha nguo zote kwenye rundo moja, akafunga cherehani kwenye meza ya shemeji yake, akashona Kabonga kwa muda wa wiki saba. Waliporudi Gatete mlango aliufungua mkewe. Nilikuwapo. Aliingia, akatoka, akaingia tena, akawaita watoto.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkiniuliza ya kila siku au ya lazima, nitawajibu kama Bwana Leopoldi: ulizeni hofu inakaa wapi katikati ya mlio na mlio. Ikiwa inaondoka, mpeni mtu kitu cha kumsogeza mpaka iondoke, au mpeni Mzee Kabura. Ikiwa imehamia, dawa nayo ihamie. Hayo mtayasoma vitabuni, na vitabu siku hizi vina picha nzuri kuliko zangu. Lakini mkishamaliza kumwuliza aliyekaa kwenye kiti, mwangalieni na yule aliyesimama nyuma yake akieleza ugonjwa vizuri sana.

Siku ile ufukweni nilitoa rejista nimwandike. Nikapiga mstari, nikaandika tarehe, dawa, kipimo. Kalamu ikafika kwenye jina nikakwama. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimwita kwa jina la mtoto wake, na kwenye kurasa zangu alikuwa mke wa Rajabu. Ilibidi nimuulize jina lake. Akaacha kugeuza samaki, akafuta mikono kwenye kitenge, akanisogelea aone ninavyoandika.

"Mwamini," akasema.